Homa ya Octave

Katika soko la Kikula, hapa Likasi, sijapata kumwona mtu akimrudishia Émérence samaki. Meza yangu ya chumvi na mafuta ya mawese ilikuwa ubavuni mwa yake, na mimi si mwepesi wa kusifu watu, muulizeni yeyote. Wachuuzi wengine walikuwa wakipaka damu ya kuku kwenye matamvua ya samaki ili yaonekane mekundu, kisha wanaapa kwa jina la Yesu. Émérence alikuwa akienda mwenyewe mpaka kwenye vijiji vya wavuvi ukingoni mwa ziwa Tshangalele, anabonyeza tumbo la samaki kwa kidole gumba, anafunua shavu, ananusa. Akikunja pua tu, mvuvi alijua hapo hakuna biashara.

"Samaki hana huruma, Yaya Alphonsine," aliniambia siku moja, akiniita dada mkubwa kama tunavyoitana kwetu, nilipomcheka kwa kukazana na barafu. "Ukimupatia baridi ya nusu-nusu, anakuonyesha ubaya yake. Umupatie barafu yenyewe, njo atakuheshimu."

Barafu hiyo ilitoka nyumbani kwake. Alikuwa na congélateur, friza kubwa jeupe, lile la kufunguka kwa juu kama sanduku, alilonunuliwa na mumewe Octave zamani, wakati mshahara wa kampuni ya migodi bado uliitwa mshahara. Lilikaa sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na wageni waliweka vikombe juu yake. Mtaani kwetu umeme ulikuwa umeshakuwa kama mjomba tajiri: unasikia habari zake, humwoni. Lakini nyumba ya Émérence ilikuwa kwenye waya mmoja na pampu ya maji ya mji, kwa hiyo giza likitanda kwetu sote, kwake sanduku lile liliendelea kunguruma. Tulimwonea wivu, kisha tulipeleka nyama yetu akatuwekee. Hakukataa mtu.

Octave alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Babake aliletwa na kampuni kutoka Kasai, lakini Octave mwenyewe alizaliwa hapa, na Kiluba cha kwao alikizungumza kama mtu anayetafuna mchanga. Hilo halikumsaidia. Mwaka ule Wakasai walipofukuzwa, ndugu zake walikaa stesheni na magodoro yao wakingoja treni, na wengine hawakufika walikokuwa wakienda. Émérence ni mtu wa Kapolowe. Alimtorosha mumewe mpaka kwa mamake huko kijijini, akamficha kiangazi chote, naye Octave akilima mihogo pekupeku kama mwenyeji. Wajomba zake Émérence walimwita, wakamwambia amwache huyo mgeni. Aliwajibu kwamba atamwacha siku watakapomwonyesha mtu wa kwao anayejua kumchekesha. Wajomba wakaliacha hilo, maana kwa kweli Octave alikuwa mtu wa kuchekesha, na wao wote walikuwa na nyuso za msiba.

Walirudi Likasi mambo yalipotulia. Kazi haikuwepo tena, lakini Octave hakulalamika, alifungua kibanda cha kuziba masufuria yaliyotoboka na kuunga fremu za baiskeli. Ni wakati huo alipoanza kuchechemea.

Chini ya unyayo wake wa kushoto kulikuwa na doa jeusi. Lilikuwepo tangu Kapolowe, labda hata kabla. Octave hakulijali, na mimi simlaumu: mtu aliyechomelea vyuma maisha yake yote, mwili wake umejaa madoa. Mikono yake, kifua chake, hata sikio moja, kote cheche zilikuwa zimeacha alama. Aliliona doa akasema ni cheche iliyoingia kwenye kiatu. Lilipokua akasema ni cheche iliyokasirika. Lilipoanza kutoa damu, Émérence alimkokota mpaka hospitali.

Daktari Léon alikuwa kijana wa hapa hapa, mrefu, mwenye koti lililofuliwa mpaka kola ikachanika. Alikata doa, akakata na uvimbe uliokuwa umejitokeza kwenye kinena, akapeleka vipande Lubumbashi. Jibu lilipokuja alikwenda nyumbani kwao mwenyewe kulisema. Ilikuwa kansa, ile inayoanzia kwenye rangi ya ngozi, na kwa watu weusi hupenda kujificha chini ya unyayo, mahali ambapo hakuna anayetazama. Alisema amekata yote aliyoyaona. Asiyoyaona ndiyo yaliyomtia hofu.

"Kule Ulaya," alisema, "kuna dawa wanayojaribu kuwapa watu kama wewe baada ya upasuaji. Hapa hatuna hata pamba."

Octave alikuwa na dada yake, Claire, muuguzi huko Liège, aliyesomeshwa na masista kabla ya mabaya yote haya. Claire alitafuta, aliomba, sijui aligonga milango mingapi. Baada ya miezi mmisionari mmoja wa Mulungwishi akashuka kwenye gari lake na chupa kubwa ya baridi, na ndani yake boksi za vichupa vidogo vya maji yasiyo na rangi wala harufu. Émérence alikinusa kimoja, ndiyo tabia yake.

Nilikuwepo siku daktari alipotueleza dawa ile inafanya nini. Nimesikia maelezo mengi maishani mwangu, ya wachungaji na ya wanasiasa, lakini hayo nimeyahifadhi.

"Mama Princesse," alimwambia Émérence, kwa jina la binti yao aliyekuwa ameolewa Kipushi, "wakati bezi banaingia mu avenue, munafanyaka nini?"

"Tunapigaka masufuria," alisema Émérence. Nani asiyejua? Miaka ile polisi hawakuwa na hata baiskeli. Nyumba iliyovamiwa iligonga sufuria, jirani akaitikia na lake, na mtaa mzima ukawa kelele mpaka vijana watoke na mapanga.

"Njo ile. Mu mwili wetu, chembe yenye kuona mubaya inapigaka sufuria. Ile kelele, jina yake interféron. Haiko yenyewe. Kwiko zingine mingi, banaziita cytokines: moja inaamusha basoda, baaskari ba mwili, ingine inabaambia baongezeke, ingine inasema basi, inatosha, musichome nyumba."

"Sasa kansa, habaioni?" aliuliza Octave.

"Kansa ni mwizi mutoto wa nyumba. Imbwa inamujua. Anapita na kofia mu macho, hakuna mutu anapiga sufuria."

"Kama Ricky wa Mama Hortense," alisema Octave, na tulicheka sote, kwa sababu Ricky alikuwa ameuza redio ya mamake kisha akamsaidia kuitafuta.

"Kama Ricky," alisema daktari. "Hii dawa ni kelele tunaleta toka inje. Basoda banaamuka. Na inamuvulisha ule mwizi kofia, baone sura yake. Lakini kelele ikiwa mingi mwili inapata moto. Atatetemeka, ataumwa na mifupa. Musiogope homa. Mezi na mezi, atapata sindano mara tatu kila juma."

Tukaitikia kwamba hatutaogopa. Kusema ni rahisi.

Boksi zote zilikaa kwenye friji ndogo ya mafuta ya taa, katika zahanati ya Godefroid, muuguzi wa mtaa wetu, mtu mpole ambaye watu walimlipa kwa unga. Alikuja na sindano saa tisa alasiri, na kabla jua halijazama Octave alikuwa chini ya mablanketi matatu, meno yakigongana. Si homa ya mchezo. Kitanda kiliparaza sakafu. Alilia mgongo, alilia kichwa, chakula alikitazama kama adui. Kesho yake alikuwa kitambaa kilichokamuliwa, na kesho kutwa sindano nyingine.

Sisi watu wa Likasi homa tunaijua kwa jina moja tu. Tumezika watoto kwa homa. Ukimwambia mama wa hapa kwamba homa ni dalili njema, atakuitikia kwa heshima, kisha utakapogeuka atatafuta kwinini. Émérence alilia kila siku ya sindano, akifua shuka zilizolowa jasho. Wamama wa kanisa walikuja kukemea pepo wa homa kwa sauti za kuvunja bati. Octave, katikati ya kutetemeka, aliwaomba wakemee pole pole kidogo, pepo ana kichwa kinauma.

Daktari alipita mara kadhaa, akamgusa kinena, akaridhika. Hakuna kilichorudi. "Uvumilie," alisema. Kisha hospitali ikawa haina mshahara wala dawa wala maji, naye alikuwa na watoto. Alikwenda Lubumbashi kutafuta kazi mahali penye kazi. Alituaga vizuri, akiona aibu.

Muda si mrefu mafuta ya taa yakaadimika, na friji ya Godefroid ikazimika. Boksi la kwanza lilikuwa limekwisha, na muuguzi alileta dawa zilizobaki kwa Émérence kwa mikono yake miwili, mbio mbio, kabla hazijapata joto.

"Tafazali, Mama Princesse, isikose baridi. Wote tunajua baridi iko kwako tu."

Aliyoyasema ni hayo tu, na alikuwa anakimbilia mjamzito.

Sasa fikirini. Mnampa dawa ya uhai wa mumewe mwanamke ambaye maisha yake yote amepigana na kitu kimoja, baridi ya nusu-nusu. Aliitoa kwenye boksi lake la karatasi kwa sababu karatasi hulowa. Alifunga kila kichupa kwa nailoni, akafunga tena. Akafungua sanduku lake, akaondoa samaki wa juu, wa katikati, akafika chini kabisa ambako barafu ilikuwa ngumu kama jiwe la mgodi wa Shituru na haijawahi kuyeyuka hata zile siku chache pampu yenyewe ilipokosa umeme. Pale ndipo alipowaweka samaki wa harusi. Pale ndipo alipoilaza dawa ya Octave, akaifukia.

Siku za sindano alikitoa kichupa kimoja alfajiri, akakiweka kifuani, ndani ya nguo, kikayeyuka kwa joto lake taratibu ili kisimuumize mumewe kwa ubaridi. Godefroid alipofika alasiri alikuta maji safi, akayavuta kwenye bomba, akachoma.

Na homa haikuja.

Siku ile ya kwanza tulikaa tunamtazama Octave kama watu wanaongoja sufuria ichemke. Alikaa kitandani na mablanketi yake tayari. Jua likazama. Akasema ana njaa. Émérence alisimama katikati ya chumba, hajui aende jikoni au apige magoti.

Sindano ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Octave alirudi kwenye kibanda chake. Mwili ulimrudia, mashavu yakajaa, akaanza tena kuwatania wateja wangu kwamba chumvi yangu naichanganya na machozi ya waume niliowakataa. Jumapili moja Émérence alikwenda mbele kanisani kutoa ushuhuda, amevaa kitenge kipya, akasema Bwana ameondoa homa na kuuacha uponyaji. Tulicheza mpaka vumbi likapanda kwenye mabati. Mimi ambaye magoti yangu hayataki, nilicheza. Sitaki mtu aniambie leo kwamba furaha ile ilikuwa ya bure. Niliiona kwa macho yangu, ilikuwa furaha kamili, na wale wawili walitembea jioni barabarani wameshikana mikono kama wachumba, watu wazima wale, bila haya.

Ilidumu kiangazi chote. Mvua zilipoanza, Octave aliweka mkono kinenani akiwa anaoga, na alikaa bafuni muda mrefu.

Walimtafuta daktari Léon, na Mungu ambariki, alikuja kutoka Lubumbashi kwa lori la makaa. Alimpapasa Octave kinena, akampapasa tumbo upande wa ini, uso wake ukafunga. Tulikaa sebuleni. Akaanza kuuliza maswali, na mwanzoni yalikuwa maswali ya kawaida.

"Homa yake iliendeleaka namna gani?"

"Iliisha, Docteur!" alisema Émérence. "Iliisha mara moja, siku ile ile tulianza boîte ya pili, boksi ile Godefroid aliniletea."

"Mara moja? Haikupunguka pole pole?"

"Mara moja, kama muntu anafunga mulango."

Daktari aliinama mbele. "Ile boîte ya pili ilikala wapi?"

Hapo Émérence alisimama. Nataka muuone uso wake: ulikuwa uso wa mwanafunzi anayejua jibu. Alikunja kitambaa cha kufuma, akainua kifuniko, moshi wa baridi ukatoka, akamwonyesha. "Hapa chini, Docteur, kati ya samaki, mu barafu yenyewe. Courant ya umeme ilikatika mara moja-moja, lakini miye, hata siku moja sikuiachilia iyeyuke. Kila moja nilikuwa naiyeyushia hapa," na akagusa kifua chake.

Nilimwona daktari akifumba macho. Mimi sikuwa nimeelewa bado. Godefroid, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliketi chini pale pale kwenye kizingiti.

Daktari alikuwa na njia ya kudanganya. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na bado sijui kama ningempenda zaidi angedanganya. Alimwambia kwa upole, akitafuta maneno. Dawa ile si kama kidonge. Imeundwa na kitu cha mwilini, laini, kilichokunjwa kwa umbo lake, na umbo ndilo linalopiga kelele. Inataka ubaridi wa maji ya kisima. Ikiganda, umbo linavunjika.

"Mama, ukiweka yai mu barafu, igande, kiisha umupatie kuku alalie, itatoa katoto?"

"Hapana," alisema Émérence.

"Inabakia yai. Ukiitazama, ni yai."

Congélateur lilikuwa wazi bado, likinguruma. Hakuna aliyekumbuka kulifunga.

"Sasa ile homa," alisema Émérence polepole, "ile homa njo ilikuwa dawa."

"Homa ilikuwa alama kama kelele inasikilika. Mama, unisikilize muzuri. Hata kule Ulaya, hata dawa ikiwa muzima, kwa bantu mingi haisaidie. Ingeweza kurudia vile vile. Hakuna mutu anaweza kujua."

Alilisema hilo mara mbili, na alilisema kwa ukweli, kwa maana baadaye aliniapia hata mimi. Lakini Émérence hakuwa anasikia tena. Alikuwa anawatazama samaki wake.

Octave alichungulia ndani ya sanduku. "Aba," alisema, "kumbe mezi yote ile Godefroid alikuwa ananichoma supu ya samaki." Akacheka, na alipoona hakuna anayecheka naye akaenda kwa mkewe, akamshika mabega kutoka nyuma. "Mama Princesse. Nilikula. Nililala. Tulitembea na weye. Ile mezi nani alinipatia?"

Émérence alijitoa mikononi mwake, akafunga kifuniko, akatandika kitambaa vizuri, pembe kwa pembe. Tangu siku ile mumewe hakuweza kumchekesha tena, na alijaribu, maskini, alijaribu mpaka ikawa uchungu kumsikiliza.

Dawa nyingine haikupatikana. Claire aliandika kwamba hospitali yao imebana matumizi. Daktari alirudi Lubumbashi akiwa amesema wazi kwamba hata ikipatikana, sasa imechelewa, kansa imeshafika kwenye ini. Émérence aliendelea kuja sokoni kwa sababu watu wanakula hata kukiwa na msiba, lakini alikuwa akiuza bila kubonyeza. Nilimwona siku moja akimpa mteja samaki bila kumfunua shavu, nikageuza macho.

Kitu kimoja alichokishika katika maneno yote ya daktari kilikuwa homa. Aliniuliza mara nyingi, tukikunja meza zetu: mwili unaweza kupiga sufuria peke yake, bila dawa? Nilimwambia sijui. Alimuuliza Godefroid, na yeye, mtu mpole, asiyejua kumnyima mtu chochote, alisema ndiyo, mwili hufanya hivyo kila siku, hata ukiwa na mafua. Basi akawa anamgusa Octave paji la uso asubuhi na jioni. Mwanamke aliyelia kwa sababu ya homa, sasa alikuwa anaitafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Homa ilikuja siku ya mvua kubwa, baada ya saa sita mchana. Nilikuwa nafunika chumvi yangu. Nikamwona Émérence anakuja mbio katikati ya matope, bila viatu, kichwa wazi, na anacheka.

"Yaya Alphonsine, kuya! Homa imerudia!"

Watu waligeuka. Labda walidhani amerukwa na akili. Nilimkabidhi jirani meza yangu, na njiani nilinunua vidonge vya kushusha homa, nikavifunga kwenye pindo la kitenge.

Octave alikuwa amelala sebuleni, macho ya manjano, tumbo limejaa, na ngozi yake ilichoma. Alikuwa anatetemeka kama zamani. Godefroid alifika nyuma yangu na sindano ya kwinini na kigae cha kutazamia damu. Émérence alisimama mbele ya kitanda, akapanua mikono.

"Haumugusi."

"Mama, inaweza kuwa malaria. Uniachilie nitazame tu," alisema Godefroid.

"Utaizimisha. Haumugusi!"

Nilikasirika. Nasema kweli, mkono wangu uliniwasha nimpige. "Weye uko wazimu? Mutu anachomeka, na weye unasimama kama nguzo?"

"Yaya, Docteur alisema. Homa njo kelele. Basoda bameamuka, Yaya. Bameamuka bo benyewe." Alikuwa anatabasamu. "Mara ya kwanza niliizimisha miye. Siizimishe tena."

Daktari alikuwa amesema hivyo hasa. Uongo ningeubishia. Ukweli uliofika nusu, sikujua pa kuushika. Nilimtazama Octave, nikamwona ananitazama. Akili yake ilikuwa timamu.

"Yaya Alphonsine," alisema, na ilimchukua pumzi nyingi. "Umuachilie. Iko muzuri vile."

Mimi naamini alijua anaondoka. Godefroid pia alielewa, akarudisha sindano kwenye mfuko, akaenda kusimama barazani kwenye matone ya mvua. Vidonge vyangu nikaviacha vilipokuwa. Daktari alikuwa amesema ni majuma machache tu, na majuma hayo yalikuwa yameshapita. Kama ilikuwa malaria, au kansa yenyewe ikimaliza kazi, au kama kweli ndani ya mwili ule kulikuwa na wachache waliokuwa bado wanapiga masufuria, hata leo sijui, na mtu asijifanye anajua.

Nikaketi naye. Mvua ilipiga bati hata tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti. Émérence alimshika mumewe mkono chini ya blanketi, akawa anamweleza mambo yatakayokuja: watauza congélateur, watahamia Kapolowe, atalima karanga, samaki basi, hataki tena kuona samaki. Princesse ataleta wajukuu. Octave aliitikia kwa vidole. Baadaye hakuitikia, naye aliendelea kueleza, akafika mpaka kwenye rangi ya mlango wa nyumba watakayojenga. Pumzi ya Octave ilikuwa inakwenda mbali, inakaa huko, inarudi. Safari moja ilikwenda, nikangoja.

Émérence alimpapasa mumewe paji la uso. Kisha akanigeukia.

"Yaya, umuguse weye. Mukono yangu imezoea, haisikie tena. Iko moto?"

Nilimwekea Octave kiganja kwenye paji la uso. Jasho lilikuwa limepoa. Nikashusha mkono mpaka kifuani, nikauacha hapo, na hakuna kilichousukuma.

"Iko moto," nilimwambia.

Akashukuru, akamvutia mumewe blanketi mpaka mabegani.